Mama Linet na Hesabu ya Umri

Tangu redio itangaze kwamba kuna pendekezo la kupandisha umri wa kunywa pombe kutoka miaka kumi na minane hadi ishirini na mmoja, Pauline Mirumbe hakupata amani katika baa yake mwenyewe. Kila aliyekalia benchi alikuwa na maoni, na kila mwenye maoni alidhani ni yeye wa kwanza kuyapata. Walimfuata hadi kwenye kreti za soda. Walimfuata hadi uani alikokuwa akiosha gilasi. Mmoja alimfuata hadi mlango wa choo, akaendelea kumweleza kutoka nje kwa sauti ya mhubiri.

Baa ilikuwa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi: chumba kimoja cha mabati yaliyopakwa rangi ya kijani, na mbele yake turubai la kuzuia jua. Ng'ambo ya barabara mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilinguruma tangu asubuhi. Wachimbaji walipopanda kutoka mashimoni walivuka moja kwa moja kuja kwake, vumbi likiwa limewafunika hadi kope, wote wamekuwa rangi moja, baba na mwana.

“Akili ya binadamu haikomai kabla ya ishirini na mmoja,” alisema Mwalimu Job siku moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata akiagiza soda aliagiza kama anayesomea darasa imla. “Hilo limethibitishwa na wataalamu.”

“Yako ilikomaa lini, Mwalimu?” aliuliza Okari, mwendesha bodaboda. “Tuambie tuje kusherehekea. Kijana wa kumi na minane anapiga kura. Anaandikwa jeshi. Anaoa. Anaingia shimo hili hapa, linamwangukia, tunamzika kama mwanamume. Sasa chupa tu ndiyo imshinde?”

“Ndiyo maana nasema kura pia wangeipandisha.”

“Sikia huyu!”

Pauline aliweka trei mezani kwa kishindo. “Kabla hamjapangia watoto wa watu umri, nani kati yenu ana kitambulisho mfukoni?”

Mwalimu Job alijipapasa. Chake kilikuwa nyumbani, ndani ya Biblia. Cha Okari kilikuwa kimefuliwa pamoja na suruali, kikatoka bila sura.

“Basi nyamazeni,” Pauline akasema. “Mnabishania nambari ambayo hakuna mtu anaibeba.”

Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania, na alikuwa ameolewa na Willis, Mjaluo wa Rodi Kopany anayenunua na kuuza ng'ombe. Wakwe zake walimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na hata baada ya miaka yote hiyo walilitamka jina hilo kama watu wanaomsifu na kumwonya kwa wakati mmoja. Biashara aliisomea huko Rodi, katika hoteli ya mama mkwe wake, akipika chai na mandazi siku za soko. Dhahabu ya Masara ilipoanza kuvuta watu, Willis alisema wahame, naye akahama. Mwanzoni aliuza uji. Halafu akaona kwamba wachimbaji wanakunywa uji wake asubuhi na jioni wanakwenda kunywa vitu vya ajabu vichakani, vitu vilivyopofusha watu wawili mwaka uleule. Akaomba leseni ya kuuza bia halali. Leseni hiyo ndiyo iliyompeleka bintiye Linet chuo kikuu Rongo, na ndiyo iliyokuwa ikimweka huko bado.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Pauline hakulifanyia mzaha. Kaka yake Boaz alitahiriwa akiwa na miaka kumi na sita, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Alipotoka tohara wazee walimkaribisha kwenye mtungi wa pombe, kwa kuwa sasa alikuwa mwanamume, na mwanamume hanyimwi. Boaz aliukaribia mtungi ule, wala hakuondoka tena. Leo yuko kwa mama yao. Pauline akienda kumtembelea humnywesha uji kwa kijiko, maana mikono ya Boaz haiwezi kushika kikombe bila kukimwaga. Kwa hiyo siku ya kwanza ya baa alijiwekea sheria: kwake mtoto hataonja. Masara nzima ilijua. Kuna wauzaji waliomcheka, na kuna akina mama waliomwombea kanisani kwa jina.

Shida ilikuwa kumjua mtoto ni nani.

Kitambulisho hakikumsaidia sana. Kijana angekuja na cha kaka yake, na nani atatofautisha sura mbili zilizojaa vumbi? Mwingine alikuwa mtu mzima kweli, mwenye ndevu na mke, lakini kitambulisho chake kilikuwa bado kinasubiriwa. Kwa hiyo vijana wa Kijaluo, ambao kwao tohara si mila, aliwauliza kitambulisho na mwaka waliomaliza shule, na akawakazia macho. Vijana wa Kikuria aliwauliza swali moja tu, lile ambalo mama yake na shangazi zake waliuliza siku zote walipotaka kujua umri wa mtu:

“Ulitahiriwa mwaka gani?”

Aliliamini swali hilo kuliko karatasi yoyote ya serikali. Mkuria atakudanganya siku aliyozaliwa, labda hata yeye haijui. Mwaka wa tohara hatakudanganya. Kijiji kizima kilikuwepo. Rika lake lote linakumbuka nani alisimama wima na nani alikunja uso. Akijiongezea mwaka mmoja atakuwa amejiingiza katika rika la kaka zake, na hao wangemvua nguo kwa kicheko. Pauline aliusikia mwaka, akaanzia kumi na sita kama ya Boaz, akajumlisha, akapata jibu. Ilikuwa hesabu ya haraka. Aliifanya huku akifungua chupa.

“Mama Linet, hii si haki,” vijana wa Kijaluo walilalamika. “Sisi unatuuliza kitambulisho, hawa unawauliza kisu!”

“Na mimi je?” Mwalimu Job aliuliza. “Nilitahiriwa kwenye ile kampeni ya hospitali, nikiwa na watoto wanne. Kwa hesabu yako nilizaa wote wanne kabla ya kumi na sita.”

“Wewe kunywa soda yako.”

Jumamosi moja alasiri aliingia kijana mrefu, mabega mapana, vumbi hadi masikioni. Aliamkia kwa adabu kwa Kikuria, akaagiza bia. Pauline alimuuliza swali lake. Kijana akajibu bila kusitasita: miaka mitano iliyopita, pamoja na rika la akina nani na nani, akawataja. Pauline alizijua familia zao. Kumi na sita na tano, ishirini na mmoja. Alijisikia hata fahari kidogo. Huyu, alijiambia, hata serikali ikipandisha umri kesho, ameshapita. Akamfungulia chupa ya kwanza, na baadaye ya pili. Kijana akashukuru, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi mwanamke aliingia baani bila kubisha, leso imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Alikuwa Nyamusi, mkulima, mke wa Mzee Kerosi, na Pauline alimfahamu kutoka sokoni.

“Mama Linet,” Nyamusi alisema, “wewe ndiye wa kufanya hivi? Wewe?”

“Nimefanya nini, dada yangu?”

“Mwanangu Mniko uliyemuuzia bia yuko kidato cha pili! Ana miaka kumi na sita! Jumamosi tumemtafuta mpaka tumemkuta amelala kwenye ukingo wa lile shimo la zamani, miguu inaning'inia ndani. Ndani, Mama Linet! Angegeuka upande mmoja tu!”

Pauline alikaa chini.

“Kumi na sita?” akasema. “Lakini alitahiriwa miaka mitano iliyopita. Aliniambia mwenyewe.”

“Ndiyo, akiwa na kumi na moja. Wote siku hizi tunawapeleka wakiwa wadogo, kabla hawajaingia sekondari, wasipotezewe masomo. Wewe umeishi na Wajaluo mpaka umesahau kwenu?”

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote mengine. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa nyumbani wakati wa tohara, akaona ni kabla ya Linet kuzaliwa. Wavulana aliowaona kichwani mwake wakirudi na shuka mabegani walikuwa bado akina Boaz. Na ni vijana wangapi, akajiuliza, ambao hesabu yake ilikuwa imewapitisha kabla ya huyu?

Nyamusi alikwenda kwa chifu, na chifu akaandika kwa kamati ya leseni za pombe. Ikawa vibaya zaidi kwa sababu leseni ya Pauline ilikuwa imefika wakati wa kufanywa upya. Aliitwa Migori mjini Alhamisi, na Willis akaacha ng'ombe wake kumsindikiza.

“Ni jambo dogo,” Willis alimwambia wakiwa kwenye benchi la nje. “Utasema kijana alikudanganya. Basi. Watamkemea kijana, watakuonya wewe, twende nyumbani.”

“Hakunidanganya, Baba Linet.”

“Nani atajua?”

“Yeye.”

Willis alimtazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekataa kupanda lori. “Yawa, Nyar Kuria,” akasema, “utatumaliza.”

Ndani kulikuwa na meza ndefu na wajumbe nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa Bi. Risper, mama mnene mpole aliyekuwa na kikohozi. Alisoma malalamiko ya Nyamusi kwa sauti, akaweka miwani chini, akasema kwamba suala hili linagusa mjadala wa kitaifa kuhusu umri. Hapo ndipo alipokosea.

“Ishirini na mmoja pia haitoshi,” alisema mchungaji aliyewakilisha makanisa. “Mimi ningependekeza ishirini na tano.”

“Mchungaji, kwa heshima, wewe ulioa ukiwa na ishirini na mbili,” alisema mwakilishi wa vijana, ambaye kichwa chake kilikuwa na upara. “Kwa hivyo ungeoa ukinywa maji?”

“Nilioa nikinywa maji!”

“Ndiyo maana harusi yenyewe hakuna anayeikumbuka.”

Watu walicheka. Mchungaji akataka maneno hayo yafutwe. Mjumbe mwingine akaeleza jinsi wanavyofanya nchi za nje, ambako hakuwahi kufika. Mwingine akauliza kama ishirini na mmoja ni kutimiza au kuingia. Mwenyekiti alikohoa, akaomba utaratibu, akakohoa tena. Jalada la Pauline lilikaa mezani mbele yao wote na mtu akaliwekea kikombe cha chai juu yake.

Pauline alivumilia kadiri alivyoweza. Halafu akasimama bila kuitwa.

“Waheshimiwa, samahanini. Hata mkiweka thelathini, mimi nikiwa pale nyuma ya kaunta nitaangalia nini? Kijana amefunikwa vumbi. Kitambulisho ni cha kaka yake, au hajapewa, au kimefuliwa. Ninyi mnabishana mstari upite wapi, na mimi hata mtu wa kumsimamisha kwenye huo mstari simwoni!”

Bi. Risper akavaa miwani yake.

“Mama, swali zuri. Na kijana huyu ulimwangalia nini?”

Kabla hajajibu, Mzee Kerosi akainuka kutoka nyuma. Alikuwa amevaa koti zito licha ya joto, na alikuja, alivyosema mwenyewe, kumtetea Mama Linet.

“Huyu mama hana kosa,” alitangaza. “Alimuuliza kijana wangu swali la heshima, akajibiwa kwa heshima. Mniko ni mwanamume. Alipotahiriwa nilisimama pale nikiona. Hata hiyo bia ya Jumamosi nilimpa ruhusa mimi. Nani katika meza hii ataniambia mtu aliyetahiriwa ni mtoto?”

“Mwanamume!” Nyamusi akapiga kelele kutoka upande wa pili. “Mwanamume anayefuliwa soksi na mamake! Jana amelia kwa sababu nimemnyima simu!”

“Mama Mniko, usiniaibishe mbele ya watu.”

“Ulijiaibisha ulipomtuma akanywe, halafu mimi ndiye nikamvute shimoni!”

Kicheko kilikatika katikati. Mwenyekiti alimwashiria Nyamusi akae, kisha akamgeukia Pauline.

“Mama Mirumbe,” Bi. Risper alisema, “nakuuliza moja kwa moja. Kijana alikudanganya kuhusu umri wake? Kama alikudanganya, sheria inaweza kukuelewa kidogo. Fikiria kabla ya kujibu.”

Willis alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Pauline hakumtazama. Alimfikiria Linet huko Rongo na muhula uliokuwa ukikaribia. Kisha akamfikiria Mniko, ambaye hakuwepo hapo kujitetea, na ambaye jina lake lingebebwa hadi kijijini: yule aliyesema uongo juu ya tohara yake. Kwa Wajaluo na kwa kamati ingekuwa kosa la kitoto la kusahaulika wiki ijayo. Kwa rika lake hangeweza kulifuta mpaka azeeke.

“Hakunidanganya,” akasema. “Nilimuuliza mwaka wa tohara, akaniambia mwaka wa kweli. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Nilihesabu kwa miaka ya kaka yangu. Na Mzee Kerosi,” akamgeukia, “asante kwa kunitetea, lakini usinitetee hivyo tena. Kaka yangu pia alipewa ruhusa na mzee wake. Njoo siku moja tumlishe uji pamoja.”

Mzee Kerosi akakaa.

Kamati ilitoka, ikarudi. Bi. Risper alisoma uamuzi huku akikwepa macho ya Pauline. Leseni haitafutwa, kwa sababu ya ukweli wake. Lakini haitafanywa upya hadi kikao kijacho, na tarehe ya kikao hicho ingetangazwa baadaye, kwa kuwa wajumbe walionelea ni busara kusubiri kwanza waone suala la umri litaamuliwaje huko Nairobi.

“Kwa hivyo mimi nimefungiwa,” Pauline akasema polepole, “kwa sababu nilimuuzia mtoto wa kumi na sita. Na nitafunguliwa mtakapojua kama ni kumi na minane au ishirini na mmoja. Kumi na sita iko wapi hapo?”

“Mama, ni utaratibu,” alisema mwakilishi wa vijana.

“Utaratibu!” alirudia Pauline. Aliendelea kulirudia njia nzima hadi Masara, mpaka Willis akamwomba atafute neno lingine.

Hakuikalia hasira yake, maana karo haisubiri mtu apoe. Kreti za bia alizirundika chumbani na kuzifunika kwa gunia. Akatoa sufuria kubwa aliyokuja nayo kutoka Rodi Kopany, akarudi kwenye uji asubuhi, na chai na mandazi mchana. Faida ilikuwa ndogo na moshi mwingi. Wachimbaji walinung'unika, wakanywa. Okari alisema chai inampa usingizi barabarani kuliko bia, akafukuzwa. Linet alipiga simu kusema amepata kazi ya kupiga chapa katika duka moja karibu na chuo, asimhangaikie sana. Pauline alimgombeza kwanza, ndipo akamshukuru, na alipokata simu akaongeza kuni motoni.

Jumanne ya wiki ya pili, mandazi yakiwa ndani ya mafuta, Mniko alisimama mlangoni. Bila vumbi alikuwa mtu mwingine kabisa: mashavu laini, chunusi kwenye paji la uso, shati la shule lililomwishia juu ya vifundo vya mikono. Pauline alijionea aibu upya. Mtu yeyote angemjua, kama angemwambia tu anawe uso.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Bia hakuna.”

“Sikufuata bia.” Alijikuna shingo. “Baba amesema ungesema nilikudanganya, wangekufungulia.”

“Ndivyo walivyosema.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kwa sababu hukudanganya. Hilo pia nianze kukuhesabia?”

Kijana alitazama viatu vyake. “Mama anasema mimi ni mtoto,” akasema. “Baba anasema mimi ni mwanamume. Chifu anasema tungoje sheria. Wewe unasemaje?”

Pauline aligeuza mandazi, moja baada ya jingine, kwa hasira ambayo mandazi hayakustahili. Kaunti nzima ilikuwa imemuuliza swali hilo mwezi huo, walevi kwa wasio walevi, na kamati nzima ilikuwa imelikimbia, na sasa limekuja kusimama mlangoni kwake likiwa na chunusi.

“Ninasema ulilala ukingoni mwa shimo,” akajibu. “Mamako alikuvuta kwa mkono, na yeye ana mgongo mbaya. Hayo ndiyo ninayoyajua. Kaa, kuna chai.”

Mniko akakaa. Pauline alimmiminia kikombe, akamwekea mandazi mawili. Alikuwa ameshageukia moto wake wakati wazo lilipomjia, akageuka tena, mwiko mkononi.

“Wewe! Leo si Jumanne?”

“Ndiyo, mama.”

“Saa hii masomo hayaendelei?”

Mniko alikuwa na andazi zima mdomoni na hakuweza kujibu. Pauline alimpokonya kikombe, akamwachia andazi, akamwonyesha barabara ya shule kwa mwiko. Kijana akatimua mbio huku akitafuna, na Pauline akasimama mlangoni akimtazama mpaka alipolipita lile shimo la zamani, upande wa mbali.